Maswali ya Wasomaji: Kikaragosi cha Fundi au Mwanasesere wa Dukani?

Barua za safari hii zimetoka Mtwara na Lindi. Zinauliza kuhusu vikaragosi vya mti na vya kitambaa, vipya na vya zamani, na kama vinastahili bei yake wakati maduka yamejaa wanasesere wa plastiki. Tumezifupisha kidogo, maswali tumeyaacha kama yalivyo.

Shikamooni wahariri. Nina mtoto wa miaka miwili na kaka yake wa miaka sita. Sokoni mwanasesere wa plastiki ni shilingi 8,000. Fundi mmoja ananitajia 35,000 kwa kikaragosi cha nyuzi. Wifi yangu anasema natupa hela. Hiyo nyongeza nalipia nini?
*Mama wa watoto wawili, Shangani, Mtwara*

Marahaba, mama. Unalipia viungo. Mkono wa mwanasesere wa plastiki ukichomoka begani, kile kishikizo cha ndani kilichovunjika hakiuzwi popote, na plastiki laini mara nyingi haishiki gundi. Kikaragosi kilichotengenezwa sawasawa kimeunganishwa kwa pini, uzi na kitambaa, vitu ambavyo havikosekani kwa fundi baiskeli, kwa muuza nyavu na kwa mshonaji. Basi kabla hujatoa 35,000, mwulize fundi: goti likiharibika nitalifunguaje? Akikuonyesha pini inayotoka kwa kusukumwa na msumari, bei ni halali. Akisema kila kitu kimegundishwa, hilo ni pambo la ukutani, na bei ya pambo ni nyingine.

Lakini kikaragosi hicho ni cha kaka mtu, tena ukiwa karibu. Nyuzi zake ni zaidi ya nusu mita, na mtoto mdogo asiachiwe uzi unaozidi sentimita 22, kwa sababu unaweza kumzunguka shingoni. Wa miaka miwili mshonee kikaragosi cha mkono cha kitambaa chenye macho ya kutarizi. Usitumie vifungo wala shanga. Kipimo cha nyumbani ni kile kibomba cha karatasi ya chooni: chochote kinachopita ndani yake asipewe mtoto wa chini ya miaka mitatu, maana kinaweza kumziba koo.

Wala usidhani kila cha mkono ni salama na kila cha kiwandani ni kibaya. Plastiki ngumu isiyo na harufu huoshwa kwa sabuni, kazi ikaisha. Plastiki laini ya PVC ndiyo ya kuangaliwa: hulainishwa kwa kemikali ziitwazo fthaleti, ambazo Umoja wa Ulaya umezibana zisizidi asilimia 0.1 ya uzito wa sehemu husika ya mchezeo. Kwa joto letu la pwani kilainishi hicho hutoka taratibu, mwanasesere akaanza kunata na kushika vumbi. Anayenata au anayenuka sana mwache dukani. Kwa kikaragosi cha fundi, hatari kubwa ni rangi. Mwombe akuonyeshe kopo. Rangi ya mageti au mabati isiyoandikwa kwamba haina madini ya risasi isiguse kitu cha mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Jambo moja tunalisisitiza. Mchezeo wenye taa au sauti hakikisha kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu. Betri bapa ya duara, yenye upana wa milimita 20, ikikwama kwenye umio inaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Mtoto akimeza, nenda hospitali papo hapo, na usimtapishe.

Mimi ni seremala. Nimechonga vikaragosi viwili vya nyuzi kwa mpingo. Ni vizito, kichwa cha kimoja kimepasuka, na vikitembea vinarusha miguu kama vinapiga mpira. Nakosea wapi?
*Fundi, Masasi*

Fundi, tuanze na mti. Mpingo una uzito wa takriban kilo 1,200 kwa mita moja ya ujazo, ndiyo maana huzama majini. Unafaa sana kwa sanamu na kwa klarineti. Kwa kikaragosi kinachoning'inia mkononi nusu saa, hapana. Kichwa na kifua chonga kwa msufi pori au mti mwingine mwepesi usio na nyuzi za kukatika. Miguu, nyayo na viganja chonga kwa mwembe, ambao ni mzito kuliko msufi. Uzito ukiwa chini, mguu ulioinuliwa hurudi wenyewe, uzi ukabaki umenyooka.

Kichwa kimepasuka kwa sababu umeacha kiini cha mti katikati. Mti ukikauka hunywea karibu mara mbili zaidi kuzunguka shina kuliko kuelekea kiini, na tofauti hiyo lazima itokee mahali, nayo hutokea kama ufa. Pasua gogo katikati ya kiini, kiini kitupe, halafu paka miisho ya kila kipande nta au rangi nzito siku hiyohiyo, maana maji hukimbilia miishoni. Panga vipande kivulini, vijiti katikati ili hewa ipite. Usihesabu miezi. Pima kipande kimoja kwa mizani ya duka kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, mti uko tayari. Hata hapo, kichwa kitoboe ndani kwa kuingilia nyuma, ubakize ukuta wa sentimita moja na nusu, kisha kizibe kwa kifuniko cha mti uleule. Kitakuwa chepesi na hakitapasuka kirahisi.

Kwa kikaragosi cha sentimita 45 vipimo hivi vinafanya kazi: kichwa 9, shingo 2, kifua 9, nyonga 5, paja 10, muundi pamoja na unyayo 10. Mkono mzima 18. Kichwa ni kikubwa kuliko cha binadamu kwa makusudi, mtazamaji wa nyuma aone uso. Kifua na nyonga viwe vipande viwili vilivyounganishwa kwa ngozi au kitambaa kizito, la sivyo kiuno hakipindi na mwendo unakuwa wa askari.

Sasa goti. Paja likatie mfereji wa milimita 8, muundi uutolee ulimi wa milimita 6, yaani nafasi ya milimita moja kila upande. Ukibana zaidi, masika mti utavimba na goti litakwama. Mbele acha kingo zikutane zikiwa zimenyooka ili muundi usipite kwenda mbele. Nyuma kata kila upande kwa pembe ya nyuzi 45, goti lipinde mpaka pembe mraba. Pini nzuri ni spoku ya baiskeli ya milimita 2. Tundu la kwenye ulimi liwe milimita 2.5, yale ya pembeni milimita 2 ili pini ishike. Kiwiko hakihitaji yote hayo, kwa sababu mkono hugeuka kila upande: kipande cha ngozi kilichopigwa misumari midogo kinatosha. Shingo ni skrubu mbili za kitanzi, moja ndani ya nyingine.

Miguu inaruka kwa sababu, tunavyoona, umefunga uzi kwenye unyayo. Ufunge kwenye paja, juu kidogo ya goti, kupitia tundu linalopita mbele. Uzi ukivutwa, goti huinuka kwanza na muundi hufuata kwa uzito wake.

Nyuzi ni tisa: kichwani mbili, moja kila upande juu ya masikio, mabegani mbili, viganjani mbili, magotini mbili, na moja mgongoni chini, ya kuinamisha. Tumia uzi wa nyavu uliosukwa, mweusi, wa karibu nusu milimita, uupitishe kwenye nta ya nyuki. Nailoni ya mshipi inang'aa mbele ya taa na haisahau mkunjo wa kibao ilikozungushiwa. Msimamishe kikaragosi sakafuni, magoti yamenyooka, kishikio, yaani ile mbao ya juu zinakofungwa nyuzi, ukining'inize kwenye kiwango cha kiwiko chako. Kwa mtu mzima wa kimo cha kawaida, uzi wa kichwa utakuwa sentimita 55 hadi 60.

Funga za kichwa kwanza, ndizo zibebe uzito wote. Za mabega zifuate, zilegee kidogo sana: ukiinamisha kishikio mbele, mabega yachukue uzito na kichwa kiitikie. Wengi hukosea hapa. Wakikaza mabega mwanzoni, kichwa hulala kifuani na hakiinuki tena. Viganja, magoti na mgongo huja baadaye. Fundo la mwisho liwe la kufunguka, na gundi usiitie mpaka umekitembeza siku mbili tatu.

Ukitaka uzito wa ziada kwenye nyayo, gongomea washa za chuma. Vyuma vya risasi vya kuvulia samaki usivitumie.

Nafundisha darasa la awali, watoto 40. Bajeti hakuna. Nataka kila mtoto awe na kikaragosi chake cha mkono. Inawezekana kwa muhula mmoja?
*Mwalimu, Nachingwea*

Inawezekana, mwalimu, na gharama kubwa itakuwa gundi. Tengeneza vichwa kwa magazeti. Viringisha kadibodi iwe bomba la urefu wa sentimita 7, uwazi wa ndani utoshe kidole cha shahada cha mtoto kuingia bila kucheza. Sukumia sentimita 3 za bomba ndani ya donge la gazeti lililobanwa kwa uzi, donge liwe na upana wa sentimita 8. Zilizobaki 4 ndiyo shingo. Mwisho wa shingo zungushia kipande cha kamba ya katani ili pawe na ukingo. Bila ukingo huo nguo huteleza na kichwa huruka katikati ya hadithi.

Uji wa kubandikia: vijiko vinne vya unga wa muhogo ukoroge kwenye nusu kikombe cha maji baridi, umimine kwenye vikombe viwili vya maji yanayochemka, ukoroge mpaka uwe angavu. Ukipoa, changanya na robo ya ujazo wake ya gundi nyeupe ya mbao. Haukai zaidi ya siku mbili, unachacha. Chana karatasi kwa mkono, usikate kwa mkasi, maana ukingo uliochanika hulala vizuri zaidi. Bandika tabaka la gazeti, kisha tabaka la karatasi nyeupe ya daftari, ukipokezana hivyo mpaka tano. Rangi mbili zinakuonyesha wapi hapajafunikwa.

Kila baada ya tabaka mbili, kausha kwanza kivulini penye upepo, halafu juani. Ukianza na jua kali, ganda la nje hukauka na kufungia maji ndani, na baada ya wiki utaona ukungu ukitokea puani na mashavuni. Malizia kwa gundi nyeupe na maji nusu kwa nusu. Tabaka hilo ndilo linalozuia mende na panya, ambao unga wa muhogo wanaupenda sana.

Nguo: vipande viwili vya sentimita 20 kwa 24 kwa kila mtoto, vikiwa pamoja na mshono. Kanga moja ya sentimita 150 kwa 110 inatoa vipande 28, yaani vikaragosi 14. Kanga tatu kuukuu zinatosha darasa lako na viwili vinabaki. Nywele ni katani iliyochambuliwa au dodoki. Jukwaa ni kanga nyingine iliyofungwa mlangoni, kimo cha kichwa cha mtoto. Sungura na Fisi watawatosha kuanzia. Tunapendekeza kila mtoto achore uso wake mwenyewe, hata ukiwa na jicho moja juu ya jingine.

Babu alituachia mwanasesere wa mti na lipiko lenye nywele za binadamu. Mnunuzi amekuja mara mbili. Tuvisafishe vipi vipate bei?
*Mjukuu wa mchongaji, Newala*

Msisafishe, na msiuze kwanza.

Lipiko (wingi wake mapiko), yaani kinyago cha Kimakonde cha kuvaliwa kichwani, si kikaragosi cha kuchezea. Lina mahali pake kwenye jando na ngoma ya mapiko, na huenda wazee wa ukoo wana neno juu ya nani anaweza kuliona, sembuse kulinunua. Waulizeni wao kabla ya kumjibu mnunuzi. Kisha kuna sheria: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vya utamaduni, na kuvitoa nchini kunahitaji kibali. Mambo haya si ya nadharia. Mwaka 1984 lipiko la Kimakonde liliibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, likaja kuonekana katika jumba la makumbusho la Barbier-Mueller mjini Geneva. Lilirudishwa Tanzania mwaka 2010.

Kazi ya kufanya wiki hii ni kumbukumbu. Pigeni picha sita kwa kila kimoja: mbele, nyuma, kulia, kushoto, ndani au chini, na moja ya karibu ya alama yoyote, rula ikiwa kando. Andikeni nani alikichonga, kijijini gani, kwa mti gani, kwa shughuli gani, na nani anakumbuka hayo. Nakala moja ikae na vitu, nyingine kwa ndugu wa mji mwingine. Kwa maoni yetu, karatasi hiyo ina thamani kuliko usafi wowote, kwa sababu kitu kisicho na jina la mchongaji wala la mahali humfaidi mnunuzi tu.

Vumbi liondoeni kwa brashi laini, kavu, kutoka juu kwenda chini. Maji yatavimbisha mti na kung'oa rangi. Mafuta ya nazi hunata, huvuta vumbi na kutia weusi usiotoka. Nywele za mapiko kwa kawaida hushikiliwa na nta ya nyuki, ambayo huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 65 na kulegea chini ya hapo, kwa hiyo msiliweke chini ya bati wala dirishani penye jua. Likae kwenye sanduku la mbao, limefungwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila kuwekwa rangi. Mfuko wa plastiki kwa pwani na nyanda zetu hufungia unyevu. Mkimaliza kulishika, nawa mikono: vitu vya zamani viliwahi kupuliziwa dawa kali za wadudu.

Nauza vinyago na vikaragosi Mikindani. Wageni hutaka "cha zamani". Wenzangu hupaka kiwi na kufukia mchangani. Nifanyeje nisikose wateja?
*Muuzaji, Mikindani*

Uza kipya kama kipya. Chini yake andika kwa kalamu ya risasi jina la mchongaji, kijiji, mti na mwaka. Mgeni anayejua atalipa zaidi kwa maandishi hayo kuliko kwa kiwi, na anayejua atakugundua: kiwi inanuka, inaingia sawasawa kila mahali, hata kwenye mikunjo ambayo hakuna mkono unaofika. Uchakavu wa kweli uko panaposhikwa tu, kama shingo, kishikio na ncha za vidole.

Na wewe mwenyewe ukiletewa "cha zamani", chukua ile taa ya kukagulia noti. Chumba kiwe na giza. Uzi na kitambaa kinachowaka buluu-nyeupe kina kemikali za kung'arisha zilizoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Skrubu zenye msalaba kichwani zilianza miaka ya 1930. Ukiikuta kwenye kikaragosi kinachodaiwa kuwa cha miaka ya 1900, ama kilikarabatiwa ama umedanganywa. Kuhusu mpingo, tangu Januari 2017 umo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Bidhaa zilizokamilika zenye mbao zisizozidi kilo 10 kwa shehena zimesamehewa, ila mteja aangalie masharti ya nchi yake.

Ndugu aliyeishi Uingereza ameniachia kikaragosi cha nyuzi kwenye boksi la njano, kimeandikwa Pelham. Nyuzi zimejisokota vibaya. Nikate nifunge upya, nipake na rangi?
*Msomaji, Lindi mjini*

Weka mkasi chini, na rangi usiiguse. Pelham Puppets ilianzishwa na Bob Pelham mwaka 1947 mjini Marlborough, Uingereza, na uzalishaji ulikoma miaka ya mwanzo ya 1990. Boksi za kwanza zilikuwa za kahawia, zikafuata za njano, kisha za njano zenye dirisha la plastiki angavu. Kwa hiyo boksi lako ni ushahidi wa umri, lisitupwe hata kama limechanika.

Angalia pia kwamba hiki ni cha kiwandani. Kilitengenezwa kwa wingi, lakini kwa mbao, uzi na viungo vinavyofunguka, na ndiyo maana watu bado wanavitafuta na kuvikarabati.

Kilaze mezani, kishikio juu. Piga picha. Toa kwanza nyuzi za magoti kwenye kishikio, maana ndizo hujisokota na zote, ukiandika kila moja ilitoka tundu gani. Kisha inua kwa nyuzi za kichwa na ukiache kizunguke chenyewe mpaka kitulie. Fundo nyingi zitaachia. Uzi ukibidi kukatwa, pima urefu wake kwanza. Uliooza badilisha, wa zamani uuweke kwenye bahasha ndani ya boksi. Ukikihifadhi, kizungushe kwa makusudi mpaka nyuzi ziwe kamba moja, uifunge kwa utepe wa kitambaa.

Kikaragosi changu cha mti kinatoa unga mweupe chini kila asubuhi. Nimetia mafuta ya taa, bado.
*Msomaji, Kilwa Masoko*

Kimebunguliwa, na mabuu bado wako ndani. Mafuta ya taa hayafiki walipo na yataharibu rangi. Kifunge kwa kitambaa, kisha ndani ya mifuko miwili ya plastiki iliyobanwa hewa na kuzibwa kwa utepe, ukiweke kwenye friza yenye nyuzijoto hasi 18 au chini ya hapo kwa wiki mbili mfululizo. Umeme ukikatika friza ikapata joto, anza kuhesabu upya. Ukikitoa, usifungue mifuko kwa saa 24, ili umande utue nje ya plastiki na si kwenye mti. Rangi ikiwa inabanduka, usikigandishe. Mpelekee mtaalamu wa makumbusho kwanza.

Baadaye ziba matundu yote kwa nta ya nyuki, ukiweke juu ya karatasi nyeusi mwezi mmoja. Unga mpya ukionekana, rudia friza.